Barua Imeingia Folda Gani? Maswali na Majibu ya Marudio

Karatasi hii ni ya kundi letu la Jumamosi, wengi wenu mkitoka Kayole, Umoja, Donholm na Tassia. Mada ni moja: kengele nyepesi ya barua pepe kwenye Linux, barua zikiwa zimetawanyika katika folda nyingi. Nimeyapanga maswali kwa jinsi yanavyowakwaza watu, si kwa jinsi yanavyofuatana kwenye silabasi. Ukiisoma ndani ya matatu pale Jogoo Road foleni ikiwa imekwama, ruka amri ndefu. Utazirudia ukiwa na kibodi.

Swali la 1. Kwa kutumia mfano wa sanduku la posta, tofautisha kuulizauliza na kuarifiwa. (alama 4)

Jibu. Kwetu barua haimfuati mtu hadi mlangoni. Inakwenda kwenye sanduku lenye nambari, na mkaazi wa Buruburu huongezea 00515. Anayetaka kujua kama ameandikiwa huchukua ufunguo, hutembea hadi Posta, hufungua kile kimlango cha chuma, huinama na kuchungulia. Siku nyingi hakuna kitu ila vumbi na tangazo la mtu mwingine. Huko ni kuulizauliza: miguu inachoka barua iwepo isiwepo.

Halafu kuna MPost, huduma iliyoundwa na Taz Technologies ikishirikiana na Posta Kenya. Nambari yako ya simu hugeuzwa kuwa anwani, na barua ikifika unatumiwa ujumbe. Unashuka Posta mara moja tu, siku yenye barua. Huko ni kuarifiwa.

Programu za barua pepe nazo ni za aina hizo mbili. Iko inayokwenda kwenye seva kila dakika kuuliza “kuna kitu?”, na iko inayonyamaza ikingoja kuitwa. Ukiandika hayo tu una alama tatu. Ya nne ni ya anayeongeza kwamba yule anayengoja hatumii umeme, data wala nguvu za prosesa wakati wa kungoja, au anatumia kidogo mno.

Swali la 2. Kwa nini kulinda INBOX peke yake hakutoshi? (alama 3)

Jibu. Kwa sababu barua nyingi za maana hazipiti INBOX. Ukishaweka vichujio kwenye seva, barua ya chuo huenda moja kwa moja folda ya Chuo, ya mkopo wa masomo kwenye Mkopo, za maombi ya kazi kwenye Kazi. INBOX inabaki safi, na kengele inayoangalia INBOX inabaki kimya, na wewe unadhani dunia imekusahau.

Hili nimelilipia. Mwaka mmoja nilituma maombi ya kazi sehemu kadhaa, nikajiwekea kichujio kizuri sana cha folda ya Kazi. Ofisi moja ikaniita usaili wa Jumanne. Barua iliingia Kazi Ijumaa mchana. Mimi nilikuwa mezani wikendi nzima, laptopu imefunguka, ikoni ya bahasha pale juu haijabadilika rangi. Nilifungua folda Jumatano nikitafuta kitu kingine kabisa. Ofisi haikuwa na kosa lolote. Kengele niliiweka kwenye mlango ambao mgeni hapitii.

Swali la 3. Safari ya taarifa ya barua mpya ina vipande viwili. Vitaje. (alama 2)

Jibu. Kutoka seva hadi diski yako, na kutoka diski hadi jichoni mwako. Andika hivyo, usonge mbele. Lakini vishike, maana nusu ya makosa ninayosahihisha yanatokana na kuvichanganya: mtu anaandika kurasa mbili kuhusu inotify (swali la 7) huku barua zake bado ziko kwenye seva ng'ambo.

Swali la 4. biff ilikuwa nini? (alama 2)

Jibu. Ni programu ya BSD ya mwaka 1980, kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ukiandika biff y, barua ikiingia unaarifiwa papo hapo kwenye skrini. Ukiandika biff n, inanyamaza. Imepewa jina la mbwa wa Heidi Stettner, aliyekuwa pale chuoni. Kisa kinachosimuliwa kwamba mbwa huyo alikuwa akimbwekea mleta barua ni kitamu, ila si cha kweli, kwa hiyo usikiandike kama ukweli. Baadaye mfumo wa X ulipata xbiff, picha ya kisanduku cha barua kinachoinua bendera. Zote mbili zilibuniwa wakati mtu alikuwa na kisanduku kimoja kwenye mashine aliyoketi mbele yake.

Swali la 5. Linganisha mifumo ya mbox na Maildir, ukieleza kila mmoja unavyojulisha kwamba kuna barua mpya. (alama 8)

Jibu. Mbox ni faili moja ndefu. Barua zote za folda zimeshonwa pamoja, kila moja ikianzia kwenye mstari wenye neno From na nafasi. Barua mpya hubandikwa mwishoni. Kengele ya mbox haifungui faili. Inalinganisha saa mbili, saa faili ilipobadilishwa mwisho na saa iliposomwa mwisho. Ikiwa imebadilishwa baada ya kusomwa, basi kuna barua mpya.

Ujanja huo una mwiba. Wengi wenu mna laptopu za mtumba zenye diski nzee, na mmesoma mahali kwamba ukiweka noatime diski inapumua. Ni kweli, inapumua, kwa sababu Linux inaacha kuandika saa ya kusoma. Sasa kengele ya mbox imepoteza saa moja kati ya zile mbili, na inaweza kuendelea kudai kuna barua mpya hata baada ya kuisoma. Dawa ni relatime, ambayo huandika saa ya kusoma pale tu inapohitajika kwa mlinganisho kama huu. Tangu Linux 2.6.30 ya mwaka 2009 relatime ndiyo mpangilio wa kawaida, kwa hiyo usipogusa kitu uko salama.

Maildir ni ya Daniel J. Bernstein, aliyeiandaa kwa ajili ya seva yake ya barua, qmail, katikati ya miaka ya 1990. Kila barua ni faili lake. Kila folda ina vyumba vitatu: tmp, new na cur. Barua huandikwa kwanza ndani ya tmp, na ikishakamilika hadi herufi ya mwisho ndipo huhamishiwa new. Programu ya kusomea ikishaiona, huihamishia cur na kulipa jina mkia. Tazama faili mbili:

new/1718000123.M20P4121.buru
cur/1717990456.M11P3987.buru:2,RS

Ya kwanza haina mkia: haijaonwa na programu yoyote. Ya pili ina R, yaani imejibiwa, na S, yaani imesomwa. Tarakimu za mwanzo ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwaka 1970, na buru ni jina la mashine. Huhitaji kufungua barua hata moja kujua hali yake. Amri ya ls peke yake inatosha.

Ndiyo maana kwa folda nyingi mimi huchagua Maildir bila kufikiri mara mbili. Swali “kuna barua mpya?” limegeuka kuwa “chumba cha new kina kitu?”. Tena kwa kuwa barua haifiki new kabla haijakamilika, kengele haiwezi kukuita uje usome nusu barua.

Swali la 6. Bash yenyewe inaweza kuchunga folda kadhaa za mbox. Vipi, na udhaifu wake ni upi? (alama 4)

Jibu. Kwa MAILPATH. Unaandika njia za mafaili ukizitenganisha kwa nukta mbili, na kila njia unaweza kuipa ujumbe wake baada ya alama ya kuuliza:

MAILPATH="$HOME/mail/kazi?Kuna barua ya kazi:$HOME/mail/chuo?Chuo wameandika"

MAILCHECK inasema ikague kila baada ya sekunde ngapi. Usipoigusa ni 60. Hakuna programu ya kusakinisha, hakuna kinachokaa kwenye kumbukumbu. Kwa wepesi haina mpinzani.

Udhaifu: bash hukagua pale tu inapotaka kukuonyesha alama ya kungoja amri. Ukiacha dirisha wazi ukaenda kununua sukuma, hutaambiwa lolote mpaka urudi ubonyeze Enter. Hapo ndipo mtahini amejificha. Wengi huandika “kila dakika moja” wakaishia hapo.

Swali la 7. Andika amri moja itakayotoa arifa barua inapoingia folda yoyote ya Maildir iliyo chini ya ~/Barua, kisha uieleze. (alama 10)

Jibu. Msingi wake ni inotify, uwezo ulioingizwa katika kiini cha Linux toleo 2.6.13, mwaka 2005, kwa kazi ya John McCutchan na Robert Love. Programu inakiambia kiini: folda hii ikiguswa, niamshe. Kisha inalala.

inotifywait -m -q -e moved_to -e create --format '%w' ~/Barua/*/new | while read -r njia; do notify-send "Barua mpya" "$(basename "$(dirname "$njia")")"; done

Kwenye Debian, Ubuntu na Mint, inotifywait iko ndani ya kifurushi cha inotify-tools, na notify-send ndani ya libnotify-bin.

Sasa kipande kwa kipande. -m inaiambia ikae ikisikiliza, isitoke baada ya tukio la kwanza. Wanaoisahau hupata arifa moja kisha ukimya wa milele. moved_to ni tukio la faili kuhamia ndani ya folda, ndivyo barua inavyotoka tmp kuja new. create nimeiongeza kwa sababu baadhi ya seva, qmail ikiwemo, hazihamishi faili. Zinaliundia jina la pili ndani ya new, kisha zinafuta lile la tmp, na kiini hulihesabu hilo kuwa kuundwa. Ukiacha create, kwenye mashine kama hiyo utasubiri mpaka ng'ombe wakose nyasi Athi River.

%w ni njia ya folda iliyoguswa, mfano /home/wewe/Barua/Kazi/new/. dirname inakata new, basename inabakiza Kazi. Kwa hiyo arifa haisemi tu “una barua”, inataja folda. Bila kipande hicho uko kama mwenye sanduku la posta la kanisa ambalo watu arobaini wanalitumia: unajua kuna barua, hujui ni ya nani.

Makosa matatu ninayoyaona kila mwaka. La kwanza ni kuchunga cur: kila ukisoma barua kengele inalia, unajipigia hodi mwenyewe. La pili ni kuchunga tmp, ukaarifiwa barua ambayo haijafika. La tatu ni gumu zaidi kuligundua: ile nyota katika ~/Barua/*/new hufunguliwa mara moja tu, amri inapoanza. Ukiunda folda mpya ya Mkopo adhuhuri, haichungwi mpaka uanzishe amri upya.

Kuhusu uzito: kila folda inayochungwa hugharimu takriban KB 1 ya kumbukumbu ya kiini. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa folda 8192 kwa mtumiaji mmoja. Wewe, tuseme, una kumi na mbili. Na kumbuka inotify huona kinachotendeka kwenye mashine hii tu. Folda ikiwa kwenye diski ya mtandao na barua ikaandikwa na mashine nyingine, hutaamshwa.

Swali la 8 (la mtego). Laptopu yako inavuta barua kwa mbsync kila dakika 15. Je, unahitaji inotify? (alama 3)

Jibu. Huhitaji. Aliyeleta barua ni wewe mwenyewe. Kwa nini ukae mlangoni ukisikiliza hatua zako? Mbsync ikimaliza, hesabu:

touch ~/.mwisho
mbsync -a
for f in ~/Barua/*/new; do n=$(find "$f" -type f -newer ~/.mwisho | wc -l); [ "$n" -gt 0 ] && notify-send "$(basename "$(dirname "$f")")" "Mpya: $n"; done

Faida yake utaiona Jumatatu asubuhi. Amri ya swali la 7 ikikutana na barua 40 zilizolimbikizana wikendi, itatoa arifa 40, moja juu ya nyingine, mpaka uzime kila kitu kwa hasira. Hii inakupa moja kwa kila folda, na hesabu ndani yake. inotify ni ya pale ambapo mwingine ndiye anayeweka barua kwenye diski yako na hakuambii ameingia saa ngapi.

Swali la 9. Eleza IDLE ya IMAP, na kikwazo chake kwa mwenye folda nyingi. (alama 6)

Jibu. IMAP ndiyo itifaki ya kusoma barua zikiwa bado kwenye seva. IDLE iliongezwa kwa RFC 2177, Juni 1997, iliyoandikwa na Barry Leiba. Mteja hufungua folda, husema IDLE, hunyamaza. Barua ikiingia seva husema yenyewe, kwa mfano * 23 EXISTS, yaani folda sasa ina barua 23. Mteja akitaka kuzungumza tena husema DONE. Hakuna aliyeuliza kitu katikati.

Seva inaruhusiwa kumkata mteja aliyekaa kimya nusu saa, ndiyo maana RFC inashauri IDLE irudiwe angalau kila dakika 29. Ukitumia data ya simu usiitegemee hiyo 29. Mitambo ya mitandao ya simu mara nyingi husahau muunganisho uliokaa kimya kabla ya hapo, na haisemi kwaheri. Weka kumi.

Kikwazo: IDLE huchunga folda moja tu, ile iliyofunguliwa. Folda 12 zinataka miunganisho 12. Gmail inaruhusu 15 kwa wakati mmoja kwa akaunti nzima, na kila kifaa kinachotumia IMAP kiko ndani ya hesabu hiyo, simu yako nayo, pamoja na ile kompyuta ya dadako ambayo hukutoka. Ipo dawa rasmi, NOTIFY, ya RFC 5465, mwaka 2009: muunganisho mmoja, folda zote. Kwenye karatasi inapendeza sana. Lakini Gmail haina, na wengi wenu mko Gmail.

Kinachobaki ni mchanganyiko. Folda mbili tatu zenye haraka zipewe IDLE. Programu kama goimapnotify hufungua muunganisho kwa kila folda utakayoiandika na kuendesha amri utakayoitaka barua ikiingia. Nyingine ziulizwe polepole kwa STATUS, amri ya kuuliza hali ya folda bila kuifungua. Hapo nitatoa alama zote sita hata kama umesahau nambari za RFC.

Swali la 10. Kokotoa. Chukulia kila muunganisho mpya wenye usimbaji hula KB 6, na kila STATUS KB 0.2. Una folda 12. (alama 6)

Jibu. (a) Muunganisho mpya kwa kila folda, kila dakika, bila hata kuhesabu STATUS: 12 × 6 = KB 72 kwa dakika. Siku ina dakika 1440, kwa hiyo KB 103,680, karibu MB 104. Kwa siku 30 ni zaidi ya GB 3, na hujasoma barua hata moja.

(b) Muunganisho mmoja, STATUS 12 ndani yake, kila dakika: 6 + 2.4 = KB 8.4, mara 1440 ni KB 12,096, yaani MB 12 kwa siku.

(c) Kama (b) lakini kila dakika 15: mara 96 kwa siku, KB 806.4. Haifiki MB 1.

Mtu akija kuniambia kengele yake ni nyepesi kwa sababu inakula MB 4 za RAM, mimi humwuliza inakula bando kiasi gani. Kuna kijana alikuwa akilaumu mtandao kwamba bando la wiki linaisha Jumatano. Alikuwa amejiandikia (a), tena kwa ustadi.

Swali la 11. Saa mbili asubuhi folda ya Chuo inajibu UNSEEN 5, UIDNEXT 412. Saa mbili na robo inajibu UNSEEN 5, UIDNEXT 414. Kumetokea nini? (alama 5)

Jibu. Barua imeingia. Anayeangalia UNSEEN, yaani hesabu ya barua zisizosomwa, peke yake atasema hakuna kitu, na atakosea.

UIDNEXT ni nambari inayotarajiwa kupewa barua ijayo. Haibadiliki mpaka barua iongezwe, na ikiongezwa lazima ibadilike hata kama barua hiyo itafutwa dakika hiyohiyo. Imepanda kwa mbili, kwa hiyo zimeingia zisizozidi mbili; seva ina ruhusa ya kuruka nambari, ndiyo maana sisemi mbili kamili. Na kama UNSEEN imebaki 5, basi ama nyingine zimesomwa, kufutwa au kuhamishwa kwingine, pengine wewe mwenyewe ukiwa na simu, ama zilizoingia zimekwisha kusomwa tayari.

Kwa hiyo kengele ya folda nyingi ihifadhi UIDNEXT ya kila folda kwenye faili dogo, na ilinganishe. Tahadhari tatu. Ukihamishia barua kwenye folda kwa mkono wako, UIDNEXT hupanda pia na kengele italia. Na UIDVALIDITY, yaani alama ya uhalali wa nambari hizo, ikibadilika, nambari zote za zamani hazina maana. Futa kumbukumbu ya folda hiyo uanze upya. Pia STATUS haikusudiwi kwa folda ambayo muunganisho huohuo umeifungua, kwa hiyo usijaribu kuitumia pale pale IDLE inapokaa.

Swali la 12. Skripti inatoa arifa ukiiendesha kwa mkono, lakini ndani ya cron inanyamaza. Kwa nini? (alama 3)

Jibu. Arifa za mezani hupitia D-Bus ya kikao chako. Cron haiko ndani ya kikao chako na haijui njia ya kufika huko. Iambie, kwenye mstari wa juu wa crontab:

DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus

1000 ni nambari yako ya mtumiaji. Hakikisha kwa id -u. Nimewahi kukaa jioni nzima nikibadilisha skripti ambayo haikuwa na kosa. Siku hizi nikisikia “kwa mkono inafanya kazi” nauliza cron kabla ya kuuliza kitu kingine.

Swali la 13. “Mwalimu, kwani simu haitoshi?” (halina alama, limeulizwa na mtu wa Kayole)

Jibu. Inatosha, kama umeipanga. Programu ya Gmail kwenye Android haikuarifu kuhusu kila lebo. Lazima uingie lebo moja moja, uruhusu isawazishwe, kisha uwashe arifa zake. Ukishafanya hivyo kwa lebo 12, njoo tuzungumze. Na siku ambayo stima imepotea tangu saa kumi na simu ina asilimia tatu, laptopu yenye betri nusu ndiyo itakayokuita.

Swali la 14. Kwa nini barua moja ya Gmail inaweza kuleta arifa mbili? (alama 2)

Jibu. Gmail haina folda, ina lebo; kwa IMAP kila lebo huonekana kama folda. Barua yenye lebo ya Chuo na ya Mkopo itaonekana kote kuwili, na pia katika All Mail. Toa All Mail kwenye orodha. Zilizobaki zichuje kwa Message-ID, ambayo ni ileile popote barua ilipo.

Swali la 15. Taja mambo mawili ya usalama. (alama 2)

Jibu. Nywila isiandikwe ndani ya skripti. Mbsync ina PassCmd, inayoiita kutoka kwenye hifadhi iliyofungwa. Na kwa Gmail, tumia nywila ya programu, kwa kuwa akaunti za kawaida zilianza kukataliwa kuingia kwa nywila ya kawaida kupitia programu kama hizi Mei 2022.

Swali la 16. Mwanafunzi anaishi Tassia. Laptopu ni ya mtumba, RAM GB 2, betri ya saa moja. Ana folda 9. Za haraka ni INBOX, Kazi na Mkopo. Anatumia data ya simu, na hufunga kifuniko cha laptopu mara kwa mara. Mpangie kengele. (alama 12)

Jibu. Folda tatu za haraka apewe IDLE kupitia goimapnotify: miunganisho mitatu, irudiwe kila dakika 10. Tukio likitokea, iendeshwe skripti ya swali la 8 kwa folda hiyo peke yake, si -a. Folda sita zilizobaki mbsync izipitie kila dakika 30 kwa kipima muda cha systemd cha mtumiaji. Nakipendelea kuliko cron hapa kwa sababu kinaendeshwa ndani ya kikao cha mtumiaji, na lile tatizo la swali la 12 kwa kawaida halijitokezi. inotify haina kazi hapa.

Kifuniko ndicho kinachobeba alama nne. Laptopu ikilala, miunganisho hufa upande wa seva, lakini ikiamka programu inaweza kudhani bado iko hai. Inakaa na simu sikioni huku upande wa pili wameshakata. Kwa hiyo kila ikiamka, goimapnotify izimwe na kuwashwa upya, na skripti iendeshwe mara moja kwa folda zote tisa, maana zilizoingia wakati wa usingizi IDLE haikuzisikia. Anayesahau huo mzunguko mmoja atakuwa na kengele inayofanya kazi vizuri kabisa tangu saa tatu, na barua ya saa mbili na nusu ikiwa imelala kwenye Mkopo.